Moto ukija na wewe uko shifti ya usiku: mwongozo kamili wa kuokoa paka, mbwa, kuku na mbuzi wako California

Niseme mapema, mi sio daktari wa mifugo wala sio zimamoto, ni mbeba maboksi wa kawaida, natunza wazee usiku upande wa Glendale. Mpaka Januari 2025 nilikuwa nimepanga kijumba cha uani Altadena, chini ya milima kaskazini ya Los Angeles, magharibi ya barabara ya Lake Avenue, mimi na paka wangu Kisamvu (jina alijipa mwenyewe, siku ya kwanza tu nimemleta nikamkuta kaingiza kichwa chote kwenye sufuria ya kisamvu cha nazi). Kijumba hakipo tena. Paka yupo, lakini yupo kwa bahati na kwa majirani, sio kwa akili yangu, maana karibu kila kitu nilichotakiwa kufanya mapema sikufanya. Ndio maana naandika haya, tuko wengi huku tunaoishi karibu na milima na kulea wanyama, na saa za hatari sisi tunakuwa kazini.

Kwa ufupi ilikuwa hivi. Tarehe 7 Januari 2025 asubuhi kama saa nne na nusu moto ulianza Palisades, kule upande wa baharini, sisi tukawa tunauangalia kwenye TV kama mechi ya watu wengine. Jioni saa kumi na mbili na dakika 18 ukawaka mwingine Eaton Canyon, juu yetu pale pale, mi niko njiani naenda kazini. Upepo wa Santa Ana, ule mkavu unaoshuka kutoka jangwani kwenda baharini, ulikuwa unapiga maili 80 kwa saa na zaidi huko milimani, na mvua ya maana hatukuwa tumeiona tangu Mei, kwa hiyo majani yote yalikuwa kama njiti za kiberiti. Amri ya kuhama kwa upande wetu wa magharibi ilitoka saa tisa na dakika 25 usiku. Hesabu mwenyewe, ni zaidi ya masaa tisa tangu moto uanze. Huo moto wa Eaton uliua watu 19, karibu wote magharibi ya Lake, na majengo zaidi ya 9,000 yakateketea. Bibi jirani yangu, mmama wa Mexico ana mbuzi wawili, aliondoka saa tano usiku bila kuambiwa na mtu. Anasema alinusa tu. Na ndiye aliyekuwa na ufunguo wangu.

Hatua ya 1: Tafuta mtu wa ufunguo, leo

Hii naiweka ya kwanza kabla ya begi, kabla ya chipu, kabla ya kila kitu, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa kana kwamba moto utakukuta umekaa sebuleni unakunywa chai. Kule Palisades barabara ya Sunset ilijaa magari mpaka watu wakayaacha wakakimbia kwa miguu, ikabidi tingatinga lije kuyasukuma pembeni ili zimamoto wapite. Sasa wewe unayetoka Glendale au Long Beach kurudi nyumbani kumchukua paka, polisi watakuwa wameshafunga njia na hutapita hata ulie.

Kwa hiyo unahitaji mtu anayeweza kufika mlangoni kwako kwa miguu. Sio rafiki wa Pomona, mji wa mbali, huyo ana kazi yake tutamfikia. Jirani. Mpe ufunguo, mpe namba yako na ya kazini (shifti nyingine simu zinakaa kwenye loka, unajua), muoneshe kwa macho mnyama anajificha wapi akiogopa. Kisamvu hujificha nyuma ya mashine ya kufulia, bibi alikuwa anajua kwa sababu nilishawahi kumuonesha siku moja kwa utani tu. Na yule mnyama mzoeshe mtu huyo, siku mbili tatu aje ampe chakula, maana mbwa asiyemjua mtu atamng'ata na paka ndio kabisa.

Na wewe chukua ufunguo wa mwenzako. Kuna wengine wanaona aibu kuomba jirani Mmarekani au Mmexico, "ataniona msumbufu". Mi bibi nilimuanza kwa sahani ya pilau siku ya Idi, yeye akaleta tamale Krismasi, basi, tangu hapo ananiita mijo, yaani mwanangu.

Hatua ya 2: Boksi la kubebea lisikae gereji

Hapa ndipo nilipoharibu. Boksi la Kisamvu la plastiki, zuri, la dola 40, lilikuwa gereji. Ule upepo umeme ukakatika, na geti la gereji ni la rimoti. Bibi anavuta, halinyanyuki. Kuna kamba nyekundu inaning'inia ndani juu ya mota, ukiivuta geti linaachia unalinyanyua kwa mkono, lakini hiyo iko NDANI na yeye yuko nje, na mlango wa pembeni nilikuwa nimeuziba kwa maboksi yangu ya kutuma nyumbani.

Basi boksi liweke sebuleni au chumbani, mlango wazi, kitambaa chako kilichovaliwa ndani, na mara moja moja mlishie humo. Paka akizoea kulala ndani ya boksi kazi imeisha nusu. Wanyama wawili, maboksi mawili, usijidanganye watakaa pamoja, hofu inawagombanisha hata waliozaliwa tumbo moja. Kuku wanahitaji tenga, na kama huna tenga huku (nani analo) basi kreti ya plastiki yenye matundu na kipande cha wavu juu.

Hiyo kamba nyekundu ya gereji nenda kaijaribu hata kama huna mnyama.

Hatua ya 3: Chipu, picha na karatasi

Chipu ni kadude kama punje ya mchele kinawekwa chini ya ngozi kati ya mabega, ndani kuna namba, mara nyingi ya tarakimu 15. Watu wengi hawajui kwamba chipu haina GPS, haioneshi mnyama yuko wapi, ni namba tu, na namba hiyo inasaidia kama umeisajili na simu yako ya sasa. Ukibadilisha laini bila kubadilisha kwenye usajili umejitia kitanzi.

Piga picha ukiwa WEWE na mnyama pamoja, na nyingine ya alama zake, doa, mkia uliopinda, sikio lililokatika. Picha yenye sura yako ndio hati ya kumdai, maana baada ya moto paka wa kijivu ni mia na kila mtu analia huyu wangu. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kipige picha pia, vituo vingi vinakiuliza mlangoni. Tuma vyote kwenye grupu la familia la WhatsApp, simu yako ikiungua shangazi yako Tanga bado anazo.

Hatua ya 4: Begi

Haraka haraka: chakula cha wiki moja, maji, bakuli, dawa zake, kamba na mkanda wa shingoni, mchanga wa paka kidogo na trei ya foili zile za kuokea, taulo mbili, foronya mbili. Foronya nitaieleza. Begi likae mlangoni, sio gereji!!

Hatua ya 5: Usisubiri amri

California kuna vitu viwili, tahadhari ya kuhama na amri ya kuhama. Amri maana yake toka sasa hivi, ni agizo la kisheria na eneo linafungwa. Tahadhari watu wanaichukulia kama "jiandae", wanaanza kukunja nguo, kumbe maelezo yake rasmi yanasema wazi kwamba mtu mwenye wanyama wa nyumbani au mifugo, na mtu anayehitaji muda zaidi, aondoke kwenye TAHADHARI. Kwa hiyo mwenye mnyama yeyote yumo, paka kumtoa chini ya kitanda ni nusu saa.

Na usiku ule tahadhari yenyewe sisi hatukuiona, simu ikalia moja kwa moja amri, wakati nyumba za jirani zishaanza. Kwa hiyo weka kanuni yako mwenyewe. Yangu sasa hivi: idara ya hali ya hewa wakitangaza siku ya hatari ya moto na upepo, Kisamvu anashinda ndani, haruhusiwi kutoka, hata alie kama mtoto. Nikiona moto umewaka popote upande wetu wa milima na upepo unaelekea kwetu, namwambia mtu wa ufunguo amchukue, baadae tutachekana kama haukufika. Pakua aplikesheni ya Watch Duty, ni ya bure, inaonesha moto uko wapi na zoni zipi zinahama, na jua namba ya zoni yako kichwani kama unavyojua namba ya nyumba. Jisajili pia na arifa za kaunti yako.

Hatua ya 6: Kumtoa

Tuanze na paka. Funga milango ya vyumba kabla hujamgusa, kwa sababu akikuponyoka abaki chumba kimoja. Kama boksi halipo, ndio hapo foronya: igeuze ndani nje, ingiza mkono mpaka ndani kama soksi, mshike paka kwa ngozi ya shingo na mkono mwingine chini ya makalio, kisha igeuze foronya imfunike, funga mdomo kwa fundo. Anapumua vizuri humo kwa muda wa safari fupi. Bibi alifanya hivyo kwa tochi ya simu, akampata nyuma ya mashine ya kufulia, akamtia. Kosa moja, mlango wa nje ulikuwa wazi na fundo hakulikaza. Kufika kwenye gari Kisamvu kamparura mkono mpaka kwenye kiwiko, akaruka, akapotelea gizani kwenye moshi. Bibi alinipigia analia, mi niko kazini nimeshika sinia la dawa za mzee wa watu, namwambia bibi ondoka, ondoka, achana naye. Hiyo sentensi mpaka leo naisikia.

Kwa hiyo kaza fundo.

Mbwa, kamba shingoni kabla hujafungua mlango, hata yule mtiifu, maana king'ora na moshi vinamtoa akili. Kuku, wakamate gizani wakiwa wamelala kwenye vijiti, wanachukulika kama maembe, ukiwasha taa umeharibu. Gari lisiwe na joto, kuku wanakufa kwa joto upesi kuliko unavyodhani. Ndege wa ndani kama kasuku ndio wa kwanza kabisa kuondoka, mapafu yao hayastahimili moshi, wafunike tundu kwa shuka jepesi.

Mbuzi ukimpata kiongozi wengine wanafuata. Wa bibi waliingia nyuma ya Toyota Sienna kwa kufuata ndoo ya pumba, basi, hakuna cha trela.

Farasi sina uzoefu nao ila Altadena ilikuwa nao wengi, na wenye nao wote wanakuambia yale yale. Hatamu iwe ya ngozi au pamba, sio nailoni, nailoni inayeyuka kwenye uso wa mnyama. Andika namba ya simu kwenye kwato kwa kalamu ya wino mzito. Mfundishe kupanda trela siku ya amani. Na ukishamtoa bandani FUNGA mlango wa banda nyuma yake, kwa sababu farasi akiogopa anarudi alikozoea, anakimbilia ndani ya moto kabisa. Kama huna jinsi ya kumbeba, mtoe kwenye banda, umuache uwanda usio na majani ya kuungua, geti zifungwe asirudi wala asikimbilie barabarani. Usimfunge kamba ukamuacha, wala mbwa usimuache kwenye mnyororo. Ni kumhukumu.

Hatua ya 7: Wapi pa kumpeleka

Baada ya kimbunga Katrina cha 2005, ambapo watu walikataa kupanda mabasi kwa sababu wanyama wao hawakuruhusiwa, Marekani ilipitisha sheria mwaka 2006 kwamba mipango ya dharura lazima iwafikirie na wanyama wa nyumbani na wale wa kuwasaidia walemavu. Haina maana mtalala kitanda kimoja na mbwa wako kwenye kambi, mara nyingi wanyama wanakaa pembeni au kituo kingine, lakini usiogope kwenda ukidhani watakufukuza. Wakati wa moto wa Eaton, Pasadena Humane, kituo cha wanyama cha Pasadena, walipokea wanyama mamia ndani ya siku chache, na ili wapate nafasi wale waliokuwa wanasubiri kuchukuliwa kabla ya moto wakahamishiwa vituo vya mbali mpaka San Diego. Farasi na mifugo mikubwa walipelekwa Los Angeles Equestrian Center kule Burbank na Pierce College, Woodland Hills.

Sasa yule rafiki wa Pomona. Kazi yake ni kulaza. Kwenye grupu letu la Waswahili wa huku kaka mmoja wa Mombasa mwenye pikapu alizunguka siku mbili akibeba vizimba vya watu hata asiowajua, dada mmoja Mkongomani akalaza mbwa watatu kwenye fleti ambayo mkataba wake unakataza hata samaki. Andikeni mapema nani ana gari kubwa, nani ana uwanja wenye uzio, nani ana mzio wa paka asije akasumbuliwa. Na kama ni hoteli, jua kwamba hali ya hatari ikishatangazwa California sheria inakataza kupandisha bei zaidi ya asilimia 10, mwenye kaunta akikuletea habari nyingine muulize vizuri na utunze risiti.

Hatua ya 8: Akiungua au akivuta moshi

Moshi: anahema mdomo wazi (kwa paka hiyo peke yake ni dharura), anakohoa, ufizi umekuwa mweupe, wa buluu au mwekundu kupita kiasi, anayumba. Mtoe kwenye hewa safi, nenda kwa daktari, mapafu yanaweza kuharibika zaidi siku ya pili ya tatu hata kama leo anaonekana mzima. Farasi aliyevuta moshi mwingi madaktari wanataka apumzike wiki 4 mpaka 6 kabla ya kazi ngumu.

Kuungua: maji ya bomba ya baridi ya kawaida, dakika 10 mpaka 20, kisha kitambaa safi kilicholoanishwa. Sio barafu, sio siagi, sio dawa ya meno, sio yai, najua nyumbani tulipakwa yote hayo. Angalia nyayo, ndio zinaungua sana, wanakanyaga majivu ambayo chini bado yana makaa. Na Panadol, huku wanaiita Tylenol, USIMPE paka hata kipande, kidonge kimoja kinaweza kumuua. Ibuprofen pia hapana, paka wala mbwa.

Kidogo nje ya mada ila nilipoisoma nilicheka peke yangu: moto wa Thomas wa Disemba 2017 uliunguza nyayo za dubu wawili na mtoto mmoja wa puma, madaktari wa mifugo wa chuo kikuu cha UC Davis wakawashonea ngozi ya tilapia, ndugu yake perege na sato wetu, mbinu waliyoiiga kutoka Brazil ambako hutibiwa watu, halafu juu wakazungushia maganda ya mahindi ili dubu asile bandeji. Sisi ile ngozi tunaikaanga.

Hatua ya 9: Kumtafuta aliyepotea

Mbwa hukimbia mbali, paka hujificha karibu. Hii ndio siri yote. Paka aliyepotea kwenye moto mara nyingi yuko ndani ya nyumba chache kutoka pale alipokuwa, kwenye kalavati, chini ya gari lililoungua, na hatatoka mchana wala hatakuitikia hata wewe. Ripoti kituo cha wanyama cha kaunti hata kama bado hamruhusiwi kurudi, maana maofisa wao huingia ndani ya eneo lililofungwa kwa maombi ya watu. Nenda vituo mwenyewe kwa miguu uangalie kizimba kwa kizimba, paka mweupe akiungua anaandikwa kijivu, na masharubu yakiisha hata wewe unaweza kumpita.

Mkiruhusiwa kurudi vaa barakoa ya N95, glavu na viatu vizito, yale majivu sio ya kuni, ni betri, rangi za zamani zenye risasi, mabati, plastiki. Kopa mtego wa boksi, ule mlango unajifunga akiingia, watu wa kujitolea wanao na wanakufundisha. Funika kwa taulo lenye harufu yako. Tega jioni na usiuache bila kuuangalia. Chambo, wenzangu walitumia tuna ya kopo siku nne, tukakamata paka wa wenyewe wawili na rakuni mmoja mwenye hasira. Siku ya tano bibi akauliza huyu kwenu alikuwa anakula nini. Nikaenda kwa dada mmoja Inglewood mwenye dagaa wa Kigoma, nikakaanga kwenye jiko la watu na mafuta kidogo, nikaweka kiganja kimoja ndani ya mtego pale ilipokuwa ngazi yangu ya mbele. Saa kumi alfajiri, siku ya 19 tangu moto, bibi ananitumia picha. Masharubu hana, nyayo mbili zimeungua, kilo moja na ushee imepungua, na dagaa kamaliza wote.

Mtego ukimnasa usiufungue hapo kwa furaha. Nenda nao hivyo hivyo mpaka kwa daktari.

Wanyama wa porini na michango

Kulungu, koyote, sungura mwitu watashuka mitaani. Usiwawekee chakula wala maji, wataalamu wa wanyamapori wa jimbo wanakataza, unawakusanya mahali pamoja, wanaambukizana na kuzoea watu. Zuia mbwa wako, fungua geti wapite, aliyeungua piga simu, usimbebe.

Michango: kabla hujabeba magunia ya nguo na blanketi piga simu kituo uulize leo wanataka nini. Wiki ya kwanza kila kitu kinajaa mpaka hakuna pa kukanyaga, wiki ya sita bili za daktari zinaanza kuja na watu wameshasahau. Mi nilichangiwa na grupu dola 20, 20, mpaka bili ya nyayo ikaisha. Na kama huna hela, kulea mnyama wa mtu mwezi mmoja wakati mwenyewe anatafuta nyumba ni mchango mkubwa kuliko gunia.

Mwisho kabisa, kitu ambacho karibu kila niliyemuuliza alikuwa hajafanya: nyumba ikishaungua, usajili wa chipu bado una anwani ya kiwanja cha majivu. Ingia ubadilishe, weka anwani ya pale ulipojibanza, na namba ya pili weka ya mtu wa ufunguo. Ya kwangu nimeweka ya bibi.